Mstari wa Jumamosi

Kila Jumatano na kila Jumamosi, Nyawira alishuka kwenye kijito cha Kamunyu akiwa na karai jeupe, daftari na hasira kidogo. Karai lilikuwa la Cucu, nyanya yake, ambaye hulitumia kuoshea nduma. Daftari lilikuwa la shule. Hasira ilikuwa yake mwenyewe, kwa maana tangu aanze kazi ile, watu wa Giakanja walikuwa hawampiti njiani bila kumcheka.

"Ati bado unahesabu wadudu?" wenzake wa Gredi ya Saba walimuuliza. "Ukimaliza hao utahesabu nzi wa sokoni?"

"Nikimaliza nitahesabu meno yako," alijibu, akashika njia yake.

Ulikuwa mradi wa sayansi aliopewa na Mwalimu Theuri. Nyawira aligeuza mawe kumi juu ya kiwanda cha kahawa, kisha mengine kumi chini yake, pale kijito kinapopita kando ya shamba la Cucu. Kila jiwe alilisugua kwa vidole ndani ya karai lenye maji, akahesabu vilivyotoka. Kulikuwa na vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu, ambavyo haviwezi kuishi katika maji machafu. Kulikuwa pia na minyoo myekundu, ambayo huyafurahia. Ukijua idadi ya aina hizo mbili, unajua afya ya kijito.

Kwa wiki nne za kwanza hapakuwa na habari. Juu ya kiwanda na chini yake, vidudu vilikuwa thelathini na kitu. Kisha Oktoba ikafika, kahawa ikaiva, na kiwanda kikaanza kumenya. Maji yaliyooshea kahawa yaliteremka kijitoni yakiwa na rangi ya chai na harufu ya uji uliochacha. Juu, vidudu vilibaki vilevile. Chini vilipungua hadi tisa, kisha viwili. Ng'ombe wa Cucu aliyanusa maji yale, akageuza kichwa. Watoto wa majirani walioyaogea walijikuna wiki nzima.

Nyawira alimwonyesha mama yake daftari. Mama alilisoma, akalifunga polepole.

"Nyawira, hiyo kiwanda ndio inatusomesha. Wacha hiyo maneno."

"Mama, sijasema kiwanda kifungwe. Nasema wachimbe mashimo ya kumwaga hayo maji, yasiingie mtoni."

"Na nani atasikia mtoto?"

Swali hilo lilimchoma Nyawira kuliko kicheko cha wenzake. Aliamua kwamba watamsikia, wapende wasipende.

Sasa, kuna Jumamosi moja ambayo ni lazima niisimulie, ingawa Nyawira angependa niiruke.

Wenye kahawa wanajua siku ya kuchuma ilivyo. Kiwanda kikishatangaza siku ya kupokea, kila mkono wa nyumba uko shambani tangu umande haujakauka, kwa sababu kahawa iliyochumwa haingoji kesho. Jumamosi hiyo Nyawira alichuma hadi saa saba. Halafu alibeba debe hadi kiwandani, akakaa chini na mama yake kuchagua mbivu na mbichi, kisha wakapanga foleni hadi jua likazama. Alifika nyumbani mgongo ukiuma. Kijitoni hakuwa amefika kabisa.

Alifungua daftari. Mstari wa Jumamosi ulikuwa mtupu, ukamkera kama pengo la jino. Aliangalia mstari wa Jumatano: vidudu viwili, minyoo thelathini na minane. Akashika kalamu, akaandika vidudu vitatu, minyoo arobaini na mmoja.

"Hata ningeenda ningepata hivyo tu," alijiambia, akalala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba alilala vizuri.

Wiki iliyofuata shule iliadhimisha Siku ya Taaluma. Mgeni alikuwa Profesa Ngendo, mwanamke mrefu mwenye mvi, aliyezaliwa Giakanja na kusoma katika shule hiyohiyo. Mwalimu Theuri alikuwa na mpango. Aliwaalika wazazi, na akaialika pia kamati ya kiwanda, ili baada ya profesa Nyawira asome matokeo yake mbele ya wote. Mavuno makubwa ya Novemba yalikuwa yanakuja. Kama kamati haingekubali kuchimba mashimo siku hiyo, kijito kingekufa kabla ya Krismasi.

Profesa Ngendo alisimama mbele bila karatasi.

"Mimi ni mwalimu wa biolojia katika chuo kikuu," alisema. "Nachunguza viumbe wa baharini na mahali wanapoishi. Nilipoanza, mama yangu aliulizwa kanisani, 'Ngendo anasomea samaki? Na hapa kwetu nani anakula samaki?'"

Wazazi walicheka. Wengine walicheka kwa sababu walikuwa wameuliza swali hilo wenyewe.

"Niliona bahari mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini," aliendelea. "Nilikuwa sijui kuogelea. Nilijifunza pamoja na watoto wa miaka sita, nao walinicheka hadi wakachoka. Halafu nikaenda kwenye mikoko, ile miti inayoota ndani ya maji ya chumvi. Nilikaa miaka tisa kwenye tope, nikihesabu kaa. Na tope lenyewe mnajua lilitoka wapi? Lingine lilitoka hapa. Kamunyu inaingia Chania, Chania inaishia Tana, na Tana inamwaga baharini. Mtu wa Giakanja akiniambia bahari haimhusu, namwambia aende aangalie maji yake yanaenda wapi."

Kisha sauti yake ikawa nzito.

"Wakati mmoja nilipata kwamba jengo moja kubwa la ufuoni linaua nyasi za bahari, mahali samaki wanapozalia. Nikaambiwa nibadilishe hesabu. Nikakataa. Nikasimamishwa kazi miaka miwili, nikawa nafundisha shule ya upili. Sikubadilisha, na leo singebadilisha. Basi, nimesikia kuna msichana hapa anayehesabu. Aje."

Nyawira alisimama. Akafungua daftari. Alisoma mistari yote kumi na minne, siku baada ya siku, juu na chini. Alipomaliza, alifunga daftari na kuitazama kamati.

"Siombi kiwanda kifungwe," alisema. "Naomba mashimo."

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Wambugu, aliinuka. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, na alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Hebu rudia ile Jumamosi iliyopita. Ulipata ngapi?"

"Vidudu vitatu. Minyoo arobaini na mmoja."

"Saa ngapi?"

Nyawira alishusha macho kwenye jalada la daftari.

"Kwa sababu mimi nilikuwa kiwandani tangu asubuhi hadi jioni," Wambugu alisema, akiwageukia wazazi. "Niliona huyu mtoto na mama yake kwa foleni. Niliwapita mara tatu. Hata nyinyi mlimwona. Sasa hayo mawe aligeuza saa ngapi?"

Mama yake Nyawira aliinamisha kichwa. Mwalimu Theuri alikohoa, akasema kwa upole, "Labda alienda asubuhi mapema kabla ya kuchuma. Sivyo, Nyawira?"

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Angeitikia kwa kichwa tu, yangeisha. Hakuna aliyekuwa mtoni alfajiri ile wa kumbishia. Lakini Nyawira alimtazama yule mwanamke aliyekaa miaka tisa kwenye tope, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Sikwenda. Nilichuma kahawa siku nzima. Jioni niliandika hesabu ya kubuni."

"Mmesikia?" Wambugu alipiga makofi mara moja. "Hii kitabu ni ya uongo. Wazazi, twendeni nyumbani."

Viti vilianza kusogezwa. Nyawira aliona kijito, ng'ombe na nduma za Cucu vikimponyoka kwa sababu ya mstari mmoja, na hasira yake ya siku zote ikapanda.

"Bado sijamaliza!" alipaza sauti. Viti vikatulia. "Nilidanganya Jumamosi moja, na mniadhibu kwa hiyo. Lakini siku zingine kumi na tatu nilienda, na mlikuwa mnanicheka nikienda. Mlinicheka kwa sababu mliniona! Msiponiamini mimi, twendeni sasa hivi. Mawe yako hapo chini. Ahesabu mwenyewe, Mwenyekiti."

Profesa Ngendo aliinuka. Nyawira alidhani atatetewa, lakini haikuwa hivyo.

"Wambugu amesema ukweli," profesa alisema. "Umefanya kosa kubwa, msichana, na ungekuwa mwanafunzi wangu chuoni ningekufukuza maabara. Lakini pia umesema ukweli, na imekugharimu." Akamgeukia mwenyekiti. "Wambugu, tulikaa dawati moja hapa. Nilikuwa nakushinda hesabu. Twende tuone kama umejifunza."

Watu walicheka, na mtu aliyechekwa mbele ya kijiji hawezi kukataa kushuka mtoni. Waliteremka wote, wazazi, walimu na watoto, wakipita katikati ya kahawa hadi juu ya kiwanda. Profesa alivua viatu, akakunja sketi, akaingia majini. Aligeuza mawe kumi, akayasugua ndani ya karai la Cucu, ambalo Nyawira alikuwa amekuja nalo, akamkabidhi Wambugu.

"Wewe ndiye utahesabu, mtu asije akasema tumebuni."

Wambugu alihesabu akiwa amechuchumaa, koti likigusa tope. Vidudu vyenye mikia mitatu vilikuwa thelathini na sita. Kaa mdogo wa rangi ya kahawia alitoka pia, akampanda kidoleni, naye akaruka nyuma kwa kelele. Watoto walifurahi sana.

Waliposhuka chini ya kiwanda, hakuna aliyecheka. Harufu iliwafanya akina mama wazibe pua kwa leso. Mawe yaliteleza kwa utelezi wa kijivu. Profesa aliyasugua mawe kumi, Wambugu akainama juu ya karai, akakaa muda mrefu.

"Kimoja," alisema mwishowe. "Na hakitembei."

"Na minyoo?"

Alianza kuhesabu minyoo. Alipofika hamsini na mbili aliacha, akanawa mikono, kisha akakumbuka ni maji gani anayonawia, akaifuta kwa koti. Alitazama shamba la nduma la Cucu, ambalo majani yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano.

"Tutachimba," alisema bila kumtazama mtu. "Kabla ya Novemba. Lakini sitaki kusikia ati kamati inaua watu."

"Hakuna aliyesema hivyo, Mwenyekiti," Nyawira alimjibu. "Nilisema mashimo tu."

Watu walipopanda kurudi shuleni, profesa alimwita Nyawira wakae kwenye jiwe. Kutoka mkobani alitoa daftari kuukuu lenye madoa ya chumvi. Akafungua ukurasa mmoja. Mistari ilijaa tarehe na tarakimu, lakini katikati palikuwa na siku tatu bila tarakimu hata moja. Kando yake palikuwa na maneno: Sikuhesabu. Niliugua malaria.

"Walipotaka kunifukuza kwa ajili ya zile nyasi za bahari," alisema, "walipekua madaftari yangu yote wakitafuta uongo mmoja. Hawakutaka miwili, mmoja tu ungewatosha. Walikuta mistari mitupu mingi sana. Mstari mtupu hauna aibu, Nyawira. Unasema wewe ni mtu, unaugua, una mama wa kusaidia kuchuma kahawa. Lakini mstari wa uongo unawatia watu wengine mikononi kazi yako yote waitupe. Leo umewaona wakiinuka na viti vyao. Ukitaka kupigana na watu wakubwa, na mimi naona unataka, usiwape hata mstari mmoja."

"Hata kama najua ningepata hivyohivyo?"

"Uliandika vitatu. Leo ni kimoja. Hukuwa unajua."

Nyawira alifungua daftari lake. Alichukua rula, akaukata mstari wa Jumamosi kwa kalamu nyekundu, akaandika kando yake: Sikwenda. Nilikuwa nachuma kahawa.

Mashimo yalichimbwa kabla ya mwezi kuisha, manne, yenye kina kirefu, na mama yake Nyawira alikuwa miongoni mwa waliobeba udongo. Novemba ikapita, Krismasi ikapita. Ng'ombe wa Cucu alirudi kunywa.

Jumatano moja ya Januari, Nyawira alikuwa akipanda kutoka kijitoni na karai lake alipokutana na Bwana Wambugu langoni mwa kiwanda. Siku hizi mwenyekiti hakumpita bila kuuliza.

"Leo ni ngapi, pale chini?"

"Kumi na moja, Mwenyekiti."

"Kumi na moja ni kidogo." Alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Sikia, wageni wa kaunti wanakuja kesho kuona hiyo mashimo yetu. Andika ishirini. Ni vizuri kwa kiwanda, na hata kwako ni vizuri. Si ulitaka mto upone?"

Nyawira alilihamisha karai kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, akamtazama usoni.

"Kesho nitawapeleka mwenyewe wageuze mawe yao," alisema. "Lakini leo ni kumi na moja."