Kitana cha Mkia

Kila Jumamosi saluni ilifunguliwa kabla jua halijakolea. Mama alipandisha mlango wa chuma, binti yake akafagia nywele za jana na kuanika taulo uani. Binti huyo walimwita Kipaza, kwa sababu tangu anapoamka mpaka anapopitiwa na usingizi, mdomo wake haukupata likizo. Aliongea akifagia, akaongea akianika. Wateja walimpenda kwa hilo, maana habari za mtaa mzima walizipata hata kabla hawajakaa kitini.

Kazi hizo alizifanya bila kinyongo mpaka Kobe alipokuja kukaa nao. Kobe alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Kipaza, ambaye alipata kazi mbali na bado alikuwa anatafuta nyumba huko. Jina la Kobe alilitoa Kipaza mwenyewe, eti kwa sababu msichana huyo alikuwa mzito wa kujibu. Siku za mwanzo Kipaza alimcheka sana. Kicheko kilimwisha siku aliposikia mama akimwambia mteja, "Huyu mtoto ana jicho. Nikigawa nywele mara moja tu, ameshashika."

Neno hilo lilimkaa Kipaza rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Saluni ilikuwa na kitana kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa: kile chenye mkia mrefu wa chuma, cha kugawia nywele kabla ya kusuka. Mama akikishika, gumzo lake hukatika, na midomo yake huanza kuchezacheza bila sauti. Wateja wengine walidhani anasali. Kipaza alijua tangu utotoni kwamba siku moja kitana hicho kitakuwa chake. Sasa kila alipomtazama Kobe, alikiona kikielekea mkononi mwake, na usingizi ukamruka.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na bandeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alikuwa ameteleza uani.

"Yule nesi mteja wetu anakuja mchana," alisema. "Kesho mdogo wake anaolewa, na yeye nimemwahidi kumsuka ule mtindo wa njia za kupinda. Kusuka mnajua wote. Kazi iko kwenye kugawa, na mkono wangu huu hauwezi, na wa kushoto ungemkwaruza mtu. Mmoja wenu atagawa, mwingine atamfuata kwa kusuka."

Aliweka mezani vichwa vitatu vya bandia vyenye nywele ndefu, akavuta kimoja mbele yake.

"Nitagawa hapa mara moja, kisha nafunika kwa taulo. Kila mmoja atarudia kwenye kichwa chake."

"Kwa nini usituache tukitazame?" aliuliza Kipaza.

"Kwa sababu nesi si sanamu. Ukigeuka kuchungulia kila mara, njia inakwenda mrama. Mtindo lazima uwe nao kichwani."

Redio ilikuwa inaimba. Mama aliinama, akaanza kugawa polepole kwa mkono wa kushoto. Kipaza alimtupia jicho Kobe. Midomo yake ilikuwa imeanza kuchezacheza, vilevile kama ya mama. Wivu ukampanda Kipaza mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe hata hilo ameiga, alijisemea. Akamsogelea.

"Mama yako alipiga simu jana?" alinong'ona.

Midomo ya Kobe ilisimama. "Alipiga."

"Alisema atakuja lini?"

"Bado hajui."

"Hajui vipi? Na viatu alivyokuahidi je?"

Kobe angeweza kulipuuza swali jingine lolote, lakini si swali la mama yake. Alijibu, na Kipaza akauliza tena, na tena, hadi taulo likashuka juu ya kichwa alichogawa mama.

Kobe alianza yeye. Aligawa njia moja, akasita, akaifuta kwa kuchana, akaanza upya. Macho yalimjaa machozi, akaweka kitana chini. Kipaza alikinyakua. Mkia wa chuma ulikuwa wa baridi, na mwepesi kuliko alivyofikiria. Njia ya kwanza, kutoka kwenye panja hadi utosini, aliiona vizuri na kuigawa. Baada ya hapo? Alikumbuka kuna nyembamba na kuna nene, lakini ipi inatangulia, na ngapi? Alipoyatafuta maneno, yaliyomjia yalikuwa "lini" na "viatu".

Mama alitazama vichwa viwili vilivyovurugika. "Kobe, hujawahi kukosea hivi. Kulikoni?"

"Nimesahau, Mama Mkubwa," alijibu Kobe, akitazama sakafu.

Mama alishusha pumzi, akachukua simu. "Basi nimwambie nesi atafute saluni nyingine."

Kipaza alitamani Kobe amtaje. Kule kusitiriwa ndiko kulikomchoma.

"Mama, usipige," alisema. "Mimi nilikuwa namwongelesha. Makusudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unampenda kuliko mimi. Na kitana unataka kumpa yeye."

Mama alizima redio, akakaa.

"Sikiliza. Unaponiona nachezesha midomo, najisemea. Jicho linashika sura ya njia, inavyopinda na inapoishia. Mdomo unashika mpangilio: mbili nyembamba, moja nene, nyuma ya sikio. Ni sawa na kubeba ndoo kubwa kwa mikono miwili. Ukiachia mmoja, maji yanamwagika. Mwenzako ulimshika mkono mmoja. Wako wewe ulikuwa wapi?"

Kipaza alifikiri. "Ulikuwa unamvuta wa kwake."

"Basi ndiyo maana ndoo zote mbili zimemwagika. Na mapenzi yangu hayapimwi kwa kitana, mwanangu. Ila leo kitashikwa na Kobe, na wewe unajua sababu."

Kipaza alijua: aliyevuruga kazi ni yeye. Iliuma, lakini mama alipogawa upya, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Safari hii Kobe alirudia mtindo wote bila kusita.

Nesi alipofika, alijiachia kitini kwa uchovu wa zamu. Kobe alianza kwenye panja, midomo ikicheza. Kipaza alifuata nyuma akisuka.

"Wewe mtoto mgeni hapa," nesi alimwuliza Kobe. "Unasoma darasa la ngapi? Mama yako yuko wapi?"

Midomo ya Kobe ilisimama. Mkia wa kitana ukabaki hewani.

"Niulize mimi, shangazi," Kipaza aliingilia haraka. "Huyu ana ndoo mikononi. Tunasoma darasa moja. Umesikia lakini habari za fundi wa kona na mbuzi wake?"

Nesi hakuwa amesikia. Kobe alipumua, midomo yake ikaanza tena, na njia ikashuka nyuma ya sikio bila kuyumba.

Mama alicheka kimya pembeni, akamgusa binti yake begani.

"Umeona? Mdomo ni uleule wa asubuhi, ila sasa umesaidia," alimnong'oneza. "Wivu unakufanya uutazame mkono wa mwenzako hadi usahau wako. Wiki ijayo utajaribu tena kitana. Ila kwanza ujifunze kunyamaza."

"Nitanyamaza, mama," Kipaza alijibu. "Ngoja kwanza nimalize habari za mbuzi."