Simu Kumi na Nane

Kila jioni, kabla magimbi hayajaiva, nyumba ya akina Laisani kisiwani Moala ilijaa simu za watu. Mama Vasiti alileta mbili, mwalimu wa kwaya moja, na Vani, binamu wa Laisani, ambaye hakujua hodi ni nini, alileta za kwao zote. Jenereta ya baba ilizichaji, wala hakuna aliyekataliwa, kwani pale Moala kumnyima jirani anayeomba ni aibu ya ukoo mzima. Laisani, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa na kichwa chepesi cha hesabu na roho ya kwa nini.

Siku moja, baba akiwa shambani, fundi Prakash akaja kutoka mjini Suva kuwapimia sola.

"Wewe ndiye mkali wa hesabu, eh?" alisema, akimpa Laisani karatasi. "Andika kila kitakachokula umeme, wati zake na saa zake. Usinifiche kitu, binti. Betri nitakayoleta itatosha hesabu yako tu."

Laisani aliandika taa nne, redio, na friji ndogo waliyomnunulia bibi yake Ateca, mgonjwa wa kisukari, ili dawa yake ya sindano isiharibiwe na joto.

"Majirani hawachaji hapa?" fundi aliuliza.

"Hapana," alijibu Laisani bila kupepesa macho. Aliwaza kwamba umeme ukiwa mdogo, baba atapata sababu ya kuwafukuza wale kupe.

Sola ikafungwa, kanisa likapewa jenereta. Simu zikaja vilevile, kumi na nane, na baba hakumfukuza mtu. Alfajiri ya tatu Laisani alifungua friji, akakuta imezima na maji yametuama chini. Betri ilikwisha usiku. Kusema ingekuwa kukiri uongo wake, kwa hiyo akachukua kitambaa, akapangusa. Kesho yake akapangusa tena. Alipangusa wiki saba. Jua likipanda friji iliunguruma upya, na bibi akajidunga dawa iliyokwisha kuharibika.

Kidonda kidogo mguuni mwa bibi kikaanza kunuka. Wakamkimbiza hospitali kwa boti. Alirudi mwezi uliofuata bila vidole viwili.

"Daktari kasema dawa iliharibiwa na joto," baba aliwaambia majirani waliokuja kumpa pole. "Mimi sielewi. Friji si inafanya kazi?"

Laisani akasema yote: simu, karatasi, kitambaa. Vani ndiye aliyefungua kinywa kwanza.

"Haya, profesa! Hebu toa mbili kwenye kumi. Bibi kabaki na vidole vingapi?"

"Vinane!" watoto wakaitikia, wakacheka. Hakuna mtu mzima aliyewakemea, na Laisani alitamani ardhi immeze.

Fundi Prakash aliitwa tena. Safari hii bibi aliketi mkekani, mguu umefungwa bendeji, akataka hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote.

"Simu moja ni wati kumi kwa saa mbili," alisoma Laisani, machozi yakilowesha karatasi. "Zote kumi na nane ni wati-saa mia tatu na sitini kwa siku. Friji ni mia tano."

"Yaani ulinificha zaidi ya nusu friji," alisema fundi.

Akaongeza paneli na betri. Asubuhi iliyofuata friji ilikuwa kavu na baridi, na dawa mpya ikawekwa humo.

"Bibi, nisamehe," alisema Laisani.

"Nimekusamehe, ila vidole havioti. Siku ile ya kwanza ulipoona maji ungesema, ningekuchapa, basi, na jioni tungekula pamoja. Kosa huungamwa likiwa bado dogo. Wewe ulilipangusa kila asubuhi likakua." Bibi alivuta mguu wake polepole. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini wewe, mjukuu wangu, uliitembea kwa miguu yangu."

Vani alikuwa ameingia, bila hodi, simu mkononi.

"Mpokee," alisema bibi. "Na uiandike."