Mke wa Kwanza wa Upul

Siku Iromi alipokutana na Upul, alimshika mkono akamvusha barabara. Wala hakumpenda, alimhurumia tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi pale sokoni Pettah, mikokoteni inagombania njia na malori, wauza vitambaa wanaita wateja, na katikati ya vurugu hiyo kasimama mzee wa ndevu nyeupe, saruni imepauka, bakora inatetemeka. Kila akitaka kupiga hatua, pikipiki inampita puani. Iromi alikuwa anawahi dukani, amevaa sari ya buluu ya wafanyakazi, na sari haitaki haraka. Hata hivyo alirudi, akamshika mzee kiwiko, akamwambia waende taratibu. Walipofika ng'ambo upepo ukaipeperusha kofia ya mzee. Alitupa bakora, akaikimbilia, akaruka mfereji na kuidaka hewani.

Iromi alimngoja, mikono kiunoni.

"Umepona ghafla, babu."

"Mkono wako una dawa, nangi, dada yangu mdogo."

Ndevu zilikuwa zimebanduka upande mmoja. Ndipo alipojieleza: Upul Karandana, miaka thelathini na mbili, mwigizaji. Tangu shuleni walimpa uzee kwa sababu ya sauti yake nzito, na tangu hapo hakuutoka. Miaka kumi na moja na kundi lile lile la maigizo, leo Kurunegala, kesho Matara, wanalala madarasani, watu wanampigia makofi kisha wanampita mlangoni bila kumjua. Kila akipewa mzee mpya huja kwanza Pettah, aone kama watu watamwamini.

Iromi akamwambia kwamba yeye alimwamini, kofia ndiyo iliyomponza. Mzee wa kweli angeiacha iende zake.

Upul aliyachukua maneno yale hadi jukwaani. Katika mchezo uliofuata kofia ya mzee ilianguka, naye akaitazama tu, hakuinama. Ukumbi mzima ulinyamaza. Iromi alikuwa safu ya tatu, kwa tiketi aliyopewa bure, na machozi yalimtoka kwa ajili ya kofia.

Basi, mapenzi yakaanza. Mimi nakaa ukuta mmoja na akina Iromi hapa Nugegoda, na kuta zetu ni nyembamba, kwa hiyo msiniulize nimejuaje. Kila jioni simu. Alimwita aiya, kaka mkubwa, kama wasichana wetu wanavyowaita wapenzi wao, na akitaka kumchokoza alimwita babu. Siku moja alimtania kwamba wacheza filamu hufunga ndoa kila wiki mbele ya kamera. Upul akaacha mzaha. Alisema poruwa, lile jukwaa dogo la mbao la maharusi, atalipanda mara moja tu maishani mwake, na atalipanda na yeye. Hata wakimpa filamu yenye harusi, atakataa.

Kilichobaki kilikuwa kulinganisha nyota, maana kwetu ndoa haifungwi bila hiyo. Bi Somalatha, mama yake Iromi, aliichukua hati ya nyota ya Upul, akaipeleka kwa Bwana Jinadasa, mnajimu wetu. Alirudi uso umemshuka. Kwa binti yake alisema tu kwamba hazikulingana. Mimi, jikoni kwangu, chai ikipoa mbele yake, aliniambia yote. Nyota za Upul zilionyesha ndoa mbili, na mke wa kwanza hafikishi mwaka. Bi Somalatha alikuwa na mdogo wake, Mallika, aliyeolewa na mtu mwenye nyota kama hizo. Watu walicheka, wakasema ni mambo ya kizamani. Mwezi wa saba wa ndoa homa ikamchukua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Nimeshavisha maiti sari ya harusi mara moja," aliniambia. "Sirudii." Akaniapisha nisimwambie Iromi, maana msichana akipenda hasikii, angecheka tu kama Mallika alivyocheka.

Iromi akampigia Upul.

"Aiya, Amma anasema nyota zetu hazikulingana."

"Nyota, au kazi yangu?"

"Nakwambia alichosema."

"Ningekuwa karani wa benki zingelingana, Iromi. Sema tu hamtaki mwigizaji."

"Kwa hiyo mama yangu mwongo?"

Upul akakata simu. Iromi naye hakupiga tena. Kiburi cha hao wawili, mngewatandika makofi.

Wiki hiyohiyo mwongozaji mmoja wa filamu, aliyekuwa ameiona ile kofia ikianguka, alimtafuta Upul. Kwa mara ya kwanza alipewa kijana, tena bwana harusi. Wakati mwingine angekataa. Sasa akakubali, kwa uchungu tu. Na mwongozaji yule ni mtu wa vitu halisi: alitaka saa njema iliyopigiwa hesabu na mnajimu, msoma mashairi ya baraka anayesoma harusini kweli, uzi wa kweli wa kufunga pamoja vidole vidogo vya maharusi, na maji ya kweli ya kuvimwagia.

Picha ikatoka gazeti la Jumapili. Upul juu ya poruwa, koti la dhahabu na kofia ya pembe nne, kidole chake kimefungwa na cha mrembo fulani. Iromi alijua ni filamu, si mjinga. Lakini aliahidiwa mara moja tu, na mara hiyo imeshatumika. Alifuta namba ya Upul, akaenda kazini, akapima vitambaa siku nzima bila kukosea hata inchi. Hapo ndipo nilipomwogopea.

Filamu ilipofika, Bi Somalatha akaniomba nimsindikize maonyesho ya mchana. Alitaka kumwona kijana aliyemnyima binti yake. Alikaa na leso mkononi, hasemi, hadi poruwa ilipotokea. Akanong'ona kwamba msoma mashairi yule ndiye aliyemwozesha binti wa mwalimu mtaani kwetu. Muda kidogo bibi harusi akashikwa na homa, na mumewe akamfunika uso. Bi Somalatha akaning'ang'ania mkono, kucha zikaniingia.

"Amekufa," akasema.

Nikamwambia ni filamu, dada.

"Mke wa kwanza amekufa."

Hakungoja mwisho. Tulitoka juani, tukaenda moja kwa moja kwa Bwana Jinadasa, mimi nikikimbilia nyuma. Mnajimu alisikiliza, akavaa miwani, akafungua daftari lake. Na kumbe saa njema ya harusi ile ya filamu mwongozaji aliichukua kwake, na humo daftarini imeandikwa kwa kalamu ya mnajimu mwenyewe. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Saa ilikuwa sahihi," akasema Bwana Jinadasa. "Baraka zilisomwa, uzi ulifungwa, maji yalimwagwa. Sayari haziulizi kama kulikuwa na kamera." Akalifunga daftari. "Hilo limeshapita."

Bi Somalatha alilia njia nzima, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Nyumbani alimkalisha Iromi, akamsimulia habari za Mallika tangu mwanzo. Iromi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kumbe ulikuwa unaniogopea mimi?"

"Nimwogopee nani mwingine?"

Wakakumbatiana hapo sakafuni. Namba ya Upul Iromi alishaifuta, lakini mama yake alikuwa nayo, imeandikwa nyuma ya hati ya nyota. Akapiga mwenyewe.

"Upul, mwanangu. Nyota zako zilisema utamzika mke wa kwanza. Leo nimekuona ukimzika. Pole sana." Akavuta pumzi. "Sasa njoo Jumapili na tambuu ya posa, kabla saa njema haijapita, saa nne na dakika kumi na mbili."

Upande wa pili tukasikia mtu mzima mwenye sauti nzito akilia.

Jumapili alifika saa tatu, shati jeupe, saruni nyeupe, majani ya tambuu yamefungwa vizuri. Alipiga magoti miguuni kwa Bi Somalatha, akamkabidhi majani. Mama akamshika kichwa, akambariki, akamuuliza kama matanga ya marehemu yamekwisha.

"Yamekwisha, Amma."

Alipotaka kuinuka, magoti yakakataa kwa woga. Miaka kumi na moja ya kuigiza wazee, na leo uzee umemshika mwenyewe. Tulicheka hadi wali wa nazi ukasahauliwa mezani. Iromi akatoka mlango wa jikoni, akamnyooshea mkono.

"Shika, babu," akasema. "Nikuvushe."