Jiwe la Kusagia la Ukingo wa Potomac

Kila Jumamosi asubuhi Honorata alivaa raba zake, akaenda kutembea kando ya mto Potomac, karibu na nyumbani kwake Oxon Hill, huko Marekani. Wiki nzima alihudumia wazee majumbani mwao, akiwaogesha na kuwalisha. Jumamosi ilikuwa ya miguu yake mwenyewe. Binti yake Violet, wa miaka kumi na mitatu, alimfuata nyuma na simu mkononi.

Siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imepita na ukingo wa mto ulikuwa umemeguka. Honorata akasimama ghafla.

"Violet! Njoo uone. Jiwe la kusagia!"

Lilikuwa bapa, limelika katikati kama sahani. Honorata alizaliwa Tarime. Alianza kusaga ulezi juu ya jiwe la namna hiyo akiwa na miaka saba. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mama, usilichukue," Violet akasema kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia vizuri, ila kukizungumza ndiyo ilikuwa kazi. "Kuna kibao pale."

"Kibao kinakataza kuchuma maua. Hili ni ua?"

Violet akalipiga picha ya kumtumia bibi yake. Kisha wakalibeba, huyu huku, huyu kule, mpaka kwenye gari.

Nyumbani Honorata alilisugua kwa sabuni na brashi ya waya. Matope meusi yakatoka kwenye vitundu vyake. Akasugua mpaka likatakata. Kesho yake akasaga ulezi, akapika uji, akamwita jirani yake Waringa. Waringa ni Mkenya wa Nyeri. Anafanya kazi kwenye hifadhi ya pale pale mtoni walipolikuta jiwe, anatembeza wanafunzi na kuwaeleza habari za zamani.

"Mama Violet, hii uji ni tamu! Umesaga na nini?"

Honorata akamwonyesha, akicheka. Waringa akaweka kikombe chini.

"Ngai! Hii jiwe umeitoa wapi?"

"Mtoni. Limetupwa tu pale."

"Haikutupwa. Ina wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Wapiscataway. Walikaa kwa huu mto miaka mingi sana kabla Mzungu afike. Walilima mahindi na maharagwe, wakavua samaki. Mwaka wa 1608 Mwingereza mmoja, Kapteni John Smith, alipanda mto na mashua, akachora ramani. Ndani ya hiyo ramani aliandika majina ya vijiji vyao. Hakukuta pori tupu, Mama Violet. Alikuta watu. Na hawajaisha. Kuna mmoja tunafanya naye kazi ofisini."

"Sasa kama ramani ipo, jiwe la nini tena?"

"Ramani inasema kijiji kilikuwa wapi. Haisemi mama wa hapo alipika nini. Hiyo inasemwa na jiwe. Unga unaweza kukaa kwa hivi vitundu mamia ya miaka, na wataalamu wakauona." Akapitisha kidole juu ya jiwe. "Umeiosha na nini?"

"Sabuni," Honorata akasema. Brashi hakuitaja.

"Halafu ile ni ardhi ya serikali. Kutoa kitu cha kale pale ni kosa kwa sheria."

Honorata akalifunika jiwe kwa kanga. Alikuwa ameomba uraia, na usaili ulikuwa umebaki miezi miwili. Miaka kumi na moja ya kungoja, iharibiwe na jiwe!

Mumewe, Wambura, alikuwa kwenye kochi. "Mbona rahisi," akasema. "Kesho asubuhi nalitupa mtoni, chubwi! Nani ameona?"

"Mama yako ameona," Violet akajibu. "Nimemtumia picha. Ameirusha kwa ukoo mzima."

Wambura akatoa simu yake, akaikuta picha.

"Ukiitupa kwa maji, hata kile kidogo kimebaki kitapotea," Waringa akasema.

"Na wakinishitaki?"

"Sitakudanganya. Siwezi kukuahidi kitu. Mpigie wakili wako kwanza. Akikubali, twende pamoja useme ukweli."

Wakili alisema afadhali alirudishe, na akaenda nao. Honorata alilifunga jiwe kwenye kanga, akaliweka mezani kwa mkuu wa hifadhi. Alieleza yote, mpaka brashi ya waya.

Mkuu aliuliza swali moja. "Lilikuwa mahali gani hasa?"

Violet akatoa simu. Honorata akaitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Hili ni mama," akasema taratibu. "Kwetu jiwe la kusagia ni mawili. Mama analala chini, mtoto unamshika mkononi. Mtoto lazima atakuwa karibu."

Wakaenda na mtaalamu. Safari hii Honorata alifunga mikono nyuma, akaonyesha kwa kidevu. Hatua mbili kutoka pale, ndani ya udongo, mtaalamu alikuta jiwe la duara la kujaa kiganja. Alilitoa na udongo wake wote, bila tone la maji.

Mkuu aliandika barua kwamba mama huyu alikosa kwa kutojua, akalirudisha jiwe mwenyewe, na hakuna kesi. Kwenye usaili Honorata aliisema habari hiyo kabla hajaulizwa. Ofisa alisoma barua, akauliza maswali mawili, akageuza ukurasa. Mwezi uliofuata Honorata aliapa, akawa raia.

Baadaye Waringa alipiga simu.

"Mtoto ameongea! Wameona unga wa mahindi, na wa mizizi ya kule majini walikuwa wanakula."

"Na mama yake?"

"Mama yake hana kitu, dada. Uliosha kabisa."

Tangu siku hiyo Honorata huwaonya wageni wote wanaofika kanisani kwao. Jumapili moja alimwambia Euphrasia, aliyekuja kutoka Bukoba wiki hiyo:

"Ukiona kitu cha kale, usikiokote, usikioshe. Piga picha, kiache palepale, waite wenye hifadhi."

"Hata kikiwa kidogo kama punje?" Euphrasia akauliza, akicheka.

Honorata hakucheka.

"Hasa punje," akasema.