Mikono Miwili ya Kushoto

Kila alasiri akitoka shule, binti wa fundi cherehani aliketi kibandani kwa baba yake akishona vifungo. Jumatatu hiyo alishona kwa furaha, maana baba alikuwa amemwahidi kukata gauni lake la kuvaa Ijumaa, kwaya ya shule itakapoimba. Kitambaa cha buluu alikileta bibi, na kingine hakikuwepo. Tena baba alikuwa na wiki tano hajagusa pombe.

Ndipo akaingia mteja waliyempachika jina la Mzee Haraka. Suruali yake haikuwa tayari, akafoka mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Alipoondoka, fundi alisukuma kiti nyuma, akainuka.

"Natoka kidogo, nikanunue uzi," alisema.

Uzi! Droo nzima ilijaa uzi wa kila rangi. Binti alisonya. Mtu mzima na ndevu zake, hata kudanganya hajui.

Baada ya saa nzima alirudi akitafuna peremende tatu kwa mpigo, kana kwamba pua za watu zimekwenda likizo. Akashika mkasi, akajitia bidii ya ajabu. Hata anayeanza kujifunza ushonaji anajua kitambaa hukunjwa kwanza, ili ukikata mara moja upate mikono yote miwili ya gauni, wa kulia na wa kushoto. Yeye hakukunja. Alikata mmoja, akageuka akakata mwingine vilevile. Ikatoka mikono miwili ya kushoto.

"Hongera, fundi," binti alisema. Hakutaka kumwita baba.

Jioni alimmwagia shangazi yake yote yaliyotokea. Shangazi alikuwa dada wa fundi, tena muuguzi. Binti alisema baba hana haya, angetaka angeacha. Shangazi alisema mtu akiwa amelewa hakuna maana kuzungumza naye, angoje asubuhi.

Jumanne kabla ya shule, shangazi aliwakalisha baba na binti.

"Ulevi wake ni ugonjwa," alimwambia binti. "Mtu wa hivyo akibanwa, akili haipimi tena faida na hasara. Hukimbilia ilikozoea."

Binti alikunja uso, maana hilo aliliona ni kisingizio tu. Lakini shangazi alikwisha kumgeukia kaka yake.

"Na ugonjwa si ruhusa. Leo tunarudi kliniki ulikotibiwa ulevi. Sasa amua, ukiwa umetulia: ukibanwa tena utafanya nini?"

Fundi alifikiri sana. Akasema ataweka mkasi chini na kumpigia dada yake simu kabla ya kuvuka mlango. Kisha akakunja kwa uangalifu vile vipande vya buluu alivyoviharibu, akakata mikono mipya, mifupi.

Alhamisi Mzee Haraka alirudi na kelele zake. Suruali ilikuwa tayari, lakini sasa alitaka ipunguzwe papo hapo. Fundi alisimama ghafla.

"Natoka kidogo..."

Binti aliacha kushona. Baba aliitazama ile droo ya uzi, akaweka mkasi chini, akatoa simu.

"Dada, nimebanwa. Njoo."

Mzee Haraka alicheka, akisema fundi mzima analilia dada. Binti alimtazama kwa dharau ile ile aliyokuwa amemwekea baba yake, akaona huyu ndiye anayeistahili.

Shangazi alifika na sare zake za kazi.

"Ameweza!" binti alimnong'oneza. "Ameamua vizuri, hata akifokewa."

"Leo hakuamua kitu, mwanangu," shangazi alisema. "Aliamua Jumanne, kichwa kikiwa kimetulia. Leo ametii tu. Mambo makubwa yaamue kabla hujabanwa, na ukibanwa, ita mtu."

Binti alivuta kiti karibu na cherehani.

"Keti, baba," alisema.