Orange Pekoe Kwenye Kifungu cha Sabini

Hakuna siri iliyowahi kumshinda Jasusi Arasa kwa zaidi ya dakika tano. Mwizi wa mifuko aliyejichanganya na watu sokoni Silibwet? Dakika tano. Gari la wizi lililopakwa rangi mpya? Dakika tatu, na mbili za kumalizia soda.

Siku hiyo ya Juni 1997, katika chumba cha nyuma cha benki moja mjini Kericho, alikuwa akitafuta tangu asubuhi.

Hakuwa amepata kitu.

Soksi zake zilikuwa zimelowa. Kitanda alikuwa amekiona mara ya mwisho juzi. Kila alipoinama mbele ya kompyuta ya Compaq, bastola yake ya Browning ilimchoma mbavu.

"Afisa," aliuliza Rodah, karani wa benki, "hapo umeandika nini?"

"Bunduki."

"Kwani hao watu ni wajinga, waandike bunduki kwa ujumbe wa benki?"

Arasa akafuta. Akaandika "silaha".

Rodah hakucheka. Asubuhi hiyo mumewe, Kipyegon, alikuwa ameondoka na lori la chai.

Na Idara ya Upelelezi ilijua hivi: mnunuzi wa chai kutoka ng'ambo, aitwaye Drexel, alikuwa ameficha bunduki chini ya magunia katika lori moja. Dereva wake hakujua. Karibu na mpaka, watu wa Drexel wangechukua mzigo na kumwacha dereva mtaroni na risasi kichwani. Malori ya chai yalikuwa yametapakaa barabara nzima. Ukiyasimamisha yote, Drexel atasikia, na dereva atauawa hapo hapo.

Lori gani, basi?

Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta. Drexel alilipia kila lori kwa ujumbe wa benki, na jumbe zilikuwa maelfu.

Arasa akaandika "Drexel".

Kioo kikafurika. Kila ujumbe ulikuwa na Drexel. Drexel amelipa, Drexel amelipwa, Drexel anasalimia.

"Mungu wangu," alisema Arasa, akalaza paji la uso juu ya kibodi. Kompyuta ikalia piii.

"Afisa, usilale! Bwana yangu ako huko barabarani!"

Arasa aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa na alama za vitufe.

"Tumekosea, mama. Tunazisoma kama barua, na hizi si barua. Angalia. Kila ujumbe umekatwa vifungu, na kila kifungu kina nambari. Hamsini ni anayelipa. Hamsini na tisa ni anayelipwa. Sabini ni malipo ya nini. Sisi tumemwaga yote kwa sufuria moja tukakoroga."

Alichomeka disketi. Akaiagiza mashine itengeneze faharasa ya kila kifungu peke yake: kila neno, limetokea mara ngapi, kwenye ujumbe upi.

Mashine ikaanza kunguruma. Mvua ya alasiri ikapiga bati. Rodah alisimama nyuma ya kiti akiuma kona ya leso.

Faharasa ikatoka.

Kifungu cha sabini: BP1, mara nyingi. PF1, mara nyingi zaidi. PD. D1. Hizo ndizo chai za viwanda vya hapa, za kusagwa.

Chini kabisa, mara moja tu: Orange Pekoe.

Walitazamana.

"Hiyo si ile ya majani marefu?" aliuliza Rodah. "Nani anaitengeneza huku?"

"Hakuna. Mzigo huo si chai. Jina Drexel amenakili kwa pakiti ya kwao."

Arasa alifungua ujumbe. Lori KAC 318F.

Rodah alikaa chini sakafuni. "Ni ya bwana yangu."

Arasa alinyakua redio ya Motorola. Maxine, mwenzake, ambaye redioni aliitwa Chipukizi, alikuwa amejificha Kaplong.

"Chipukizi, Chipukizi. KAC 318F. Ova."

"Naiona. Inapanda mlima. Dereva, na mtu wa koti kando yake. Nipige gurudumu? Ova."

"Usipige! Huyo wa koti ni mtu wa Drexel, atammaliza dereva. Izuie bila kuonekana umeizuia. Ova."

"Na nini? Ova."

"Tumia akili yako. Yangu imeisha. Ova."

Kando ya barabara palikuwa na josho. Ng'ombe walikuwa wakitoka humo wakichuruzika dawa. Maxine alifungua lango.

"We msichana!" mwenye ng'ombe, mama Chepkemboi, alipiga kelele. "Huko kwenu ziwani mnachunga samaki! Nani amekuambia ufungulie ng'ombe wangu?"

Barabara ikajaa pembe.

"Pita juu yao!" alifoka mtu wa koti.

Kipyegon alimwangalia kama mtu aliyetukana kanisani. Pesa za nani, amri ya nani, ng'ombe hagongwi. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akashuka kuwasukuma kwa mikono.

Mtu wa koti akabaki peke yake.

Hapo ndipo Land Rover ya Arasa ilipotokea ikirusha matope. Arasa aliruka kabla haijasimama. Teke moja! Bastola ya adui ikapaa juu ya mashamba ya chai. Pingu zikalia. Arasa akanyoosha kola, akawasha sigara kwenye mvua, akaondoka taratibu bila kugeuka nyuma.

Hivyo ndivyo nilivyoiandika hadithi hii, na ndivyo nilivyomsomea Kipyegon mwenyewe baadaye, hotelini Kaplong. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kikombe.

"Kijana," alisema, "mtu wa koti alishikwa na Maxine. Alikuwa bado anatukana ng'ombe, akasikia chuma baridi kwa sikio. Arasa alifika tukiwa tushakunywa chai. Aliletwa na bibi yangu. Rodah ndiye alikuwa kwa usukani."

"Lakini alishuka—"

"Alibebwa. Nilimbeba mimi, nikamlaza kwa lori, akakoroma kwa bega langu mpaka Kericho."

Akanywa, akaweka kikombe.

"Sasa hiyo teke, alipiga saa ngapi?"