Santuri Kinuni

Asubuhi ya Jumamosi, mtaa wa Shella, Malindi, Bi Radhia aliinamia kinu chake atwange bizari ya pilau, akakuta ndani unga mweusi. Aliutia kidole, akaunusa. Si pilipili manga, si mkaa. Chini kabisa palikuwa na kibandiko cha mviringo kilichochanika, kimeandikwa: Nzai, gitaa na sauti, 1944. Maskini, mwanamke wa watu aliketi chini palepale jikoni.

Ilikuwa santuri ya mumewe, Mzee Salmin.

Nieleze upesi, maana bila hili hamtajua kwa nini nyumba nzima ilizizima. Mzee Salmin hukusanya santuri za kale, zile nzito za gramafoni, na hii hakuna aliyewahi kuiona ya pili yake. Nzai alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, akachukuliwa vitani mwaka wa arobaini, akafia Burma. Kambini alijifunza muziki wa kantri kwa askari wa kigeni, akaimba kwa Kiswahili, wimbo mmoja kila upande. Bintiye, Bi Kabibi, amevuka themanini na hajapata kuisikia sauti ya babake. Salmin alimleta Alhamisi akae kwao, na Jumamosi hiyo alasiri ukoo wote ungekuja kusikiliza. Sasa sauti imekuwa unga.

Inspekta Raiya Athman alifika saa tatu. Ni mwanamke mfupi, hana pupa, na hapendi kuhadithiwa, apenda kuoneshwa. Mlango haukuvunjwa. Salmin alimwonesha gramafoni, namna alivyowafundisha wageni wake Alhamisi: unazungusha mkono wa pembeni, unatia sindano, na kila upande unataka sindano mpya. Iliyokwisha kutumika hutupwa kikombeni. Kikombe alikimwaga mwenyewe Ijumaa asubuhi. Raiya akachungulia. Mlikuwa na sindano moja.

Akauliza kama wimbo umehifadhiwa kwenye simu. Salmin alitahayari. Aliona kuinasa kwa simu ni kuivunjia heshima santuri, akakataa. Jimmy angeleta vyombo vyake vya kurekodia alasiri hiyo.

Jimmy ni mpwa wa Bi Kabibi, mtoto wa kakake. Huimba kantri katika hoteli za Kikambala, amevaa kofia pana na buti za ngozi kwa joto letu hili, Mungu amsaidie. Alhamisi aligombana na Salmin, akitaka kuichukua santuri ya babu yake. Tena Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, majirani walimwona mlangoni. Basi hakuna aliyetaka kusikia zaidi. Jimmy alipoitwa akaja, Salmin alimwita mwizi mbele ya polisi.

"Ulifuata nini?" Raiya akamuuliza.

"Kuomba radhi. Nilibisha, sikufunguliwa. Nikasikia gitaa ndani, babu anaimba. Nikaketi kizingitini nikalia, Inspekta. Wimbo ukaisha, kukawa kimya kidogo, kisha mtu akaanza kutwanga. Nikaenda zangu."

Bi Radhia naye aliusikia mchi huo. Alikuwa kwa jirani, ukuta kwa ukuta, na jirani akathibitisha kwamba hakuondoka mpaka wanaume waliporudi. Hakugeuza hata shingo. Nani pwani hii huuliza kwa nini watu watwanga adhuhuri ya Ijumaa?

"Mwanamume angeshika mchi, mdundo ungemsaliti na mtaa mzima ungechungulia," Raiya alisema. Kisha akamgeukia Salmin. Aliyefanya haya alitumia sindano moja, maana yake alisikiliza upande mmoja akatosheka. Upande wa kwanza wasemaje?

Salmin alitazama zulia. Ni mtu wa kusitiri, na jambo hilo alikuwa amelihesabu zamani kimoyomoyo. Akajibu polepole kwamba Nzai alalamika humo: tangu aondoke nyumbani mwaka wa arobaini hajapewa likizo hata siku moja, na mkewe hajamwona tena.

"Jimmy, shangazi yako alizaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na tatu," Jimmy alisema, na mdomo ukabaki wazi.

Bi Kabibi alikuwa kwenye kiti pembeni muda wote huo, leso imemfunika mabega, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Raiya akaenda akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi." Sauti yake haikutetemeka. "Nilitaka kumsikia peke yangu kwanza, kabla ya watu. Nikamsikia. Nikahesabu. Koma yake, kigingi cha kumkumbuka marehemu pale Kakuyuni, ndimi niihudumiaye, naimwagia tembo la mnazi tangu msichana, na nimekwisha kuwaambia wanizike pale. Ukoo ungeusikia wimbo ule leo, kesho ningezikwa wapi? Mamangu alinipa jina la mama yake Nzai kufunika aibu. Nami nikafunika."

Jimmy alivua kofia. Alimwambia kwamba kwao mtoto ni wa aliyetoa mahari, na mahari ya mamake alitoa Nzai, ng'ombe wake wanajulikana mpaka leo; nani angemfukuza?

"Hayo ni ya mdomo, Jimmy. Macho ya watu je?"

Ndipo Salmin akaanza kulia, mtu mzima na mvi zake, na Raiya akashtuka kwa sababu hakulitazamia hilo. Alikuwa amefumbua fumbo, akadhani limekwisha.

"Bi Kabibi," Salmin alisema, "mimi nilikuita kwa ajili ya upande wa pili. Kule haimbi mwanzo, anasema. Asema: Nimepata habari nyumbani amezaliwa mtoto wa kike. Mpeni jina la mama yangu, Kabibi. Mke wangu asiulizwe na mtu. Nikirudi, nitamkuta mwanangu. Kisha ndipo aimbapo, na kila kituo cha ubeti ni jina lako."

Raiya akainuka polepole. Miaka yake yote ya kazi hakuwahi kutamani kuwa amekosea, ila siku hiyo.

Bi Kabibi alikitazama kinu kule mlangoni pa jikoni, na uso ukamlegea.

"Alilitamka vipi?" akauliza.

Salmin alifuta macho. Akajaribu kuimba, kwa koo lake la kizee, kwa Kiswahili chake cha Shella: Kabibi.

Bi Kabibi alitikisa kichwa.

"Hivyo," alisema, "waniita wewe."